Mpunga wa Mama Mkwe kwenye Njia ya Mradi

Ifakara hakuna mtu anayetembea bure. Ukionekana unakwenda kwa miguu, mikono mitupu, huendi shamba wala mashineni, watu wanasimamisha baiskeli. "Vipi, kuna msiba?" Ukiwajibu hapana, natembea tu, wanakukazia macho kama wanatafuta homa ilipo. Sasa mji wa namna hiyo ndio ulioletewa mradi wa kutembea.

Mradi wenyewe uliitwa Tembea Ujipende. Walikuja na magari meupe, wakapima, wakapigilia vigingi, wakatandika njia ya vitofali vya pevingi, laini kama meza, kuanzia nyuma ya soko mpaka kule mashamba yanakoanza. Njia nyingine ndogondogo zikaungwa humo humo kama matawi. Katikati wakaweka bustani. Hapo mwanzoni palikuwa na majani marefu na mikuyu miwili yenye kivuli cha nguvu. Wakafyeka yote, wakang'oa, halafu wakaleta nyasi kwenye viroba kutoka Morogoro wakapanda upya. Wakasimika kibao: ENEO LA KIJANI, USIKANYAGE. Bonde lote la Kilombero ni kijani mpaka macho yanachoka. Pale penye kibao tu ndipo palikuwa pa kahawia, maana nyasi za watu ziligoma kushika.

Alphonce hakuwa na shida na mradi. Mradi ulimpa kazi ya ulinzi wa njia, na hiyo kazi ndiyo ilikuwa inamshikia mchumba.

Alikuwa ameshapeleka posa kwa kina Eveline zamani tu. Mama yake Eveline, Mama Kandida, mjane wa kutoka huko Mahenge, mdomo hauna breki, aliwaambia washenga bila kuficha: "Kijana simkatai. Ila leo yuko Sanje anauza ndizi, kesho Idete kwenye vibarua, kesho kutwa nasikia yuko Chita. Mwanangu ataolewa na nauli? Aje na kazi inayoeleweka."

Basi Alphonce alipovaa reflekta ya njano na kuning'iniza filimbi shingoni, posa ikapokelewa. Sharti likawa moja tu: kazi isipotee kabla ya ndoa. Jamaa akaanza kulala na reflekta mwilini.

Mwezi wa sita mpunga ukaingia mjini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mpunga lazima uanikwe, na turubai hazijawahi kumtosha mtu. Halafu watu wanatazama, wanaona njia ya pevingi, haina mchanga, haina kinyesi cha kuku, jua likiipiga saa nne tu inachoma kama kikaango. Nani angeiacha hivi hivi? Akaanza mmoja na ndoo yake, akafuata wa magunia, wiki haijaisha njia nzima ikawa ya dhahabu.

Msimamizi wa mradi, Barnaba, alikaribia kulia. "Alphonce! Watu wanaanika mpunga juu ya mkakati wa afya!"

"Nawatoa, bosi."

Akawatoa kweli. Alphonce alikuwa na roho ngumu kwenye kazi. Filimbi mdomoni, anapita. "Oya mama, anua! Shikamoo bibi, anua na wewe! Mzee, hapa siyo kwako!" Walimtukana, wakamwita mbwa wa wazungu, lakini wakaanua. Njia ikabaki nyeupe, isipokuwa kipande kimoja kirefu pale penye bustani. Alipofika hapo, filimbi ikamdondoka mdomoni. Kwenye benchi la mradi, kofia ya ukili kichwani, alikaa Mama Kandida.

Sasa kwa watu wa kwao, mama mkwe hasogelewi. Hupewi mkono wake, hukai naye sehemu moja, humtazami usoni. Mkikutana njiani, wewe mwanaume ndiye unayetoka unaingia majanini mpaka apite. Kumfokea ndiyo usifikirie kabisa, posa inarudi siku hiyo hiyo na ukoo mzima unakutema. Mlinzi wa njia alipomwona mama mkwe wake njiani, alifanya alichofundishwa tangu mtoto. Alitoka njiani. Akaingia kwenye Eneo la Kijani, akasimama nyuma ya kibao.

Mama Kandida naye hakumtazama. Akageukia mche wa mti uliopandwa na mradi, ulikuwa na majani matatu.

"Wewe mche," akauambia kwa sauti, "msalimie huyo kijana wa nyuma ya kibao. Mwambie mpunga wangu ni mbichi bado."

Alphonce naye akauambia mche, "Mwambie mama shikamoo. Mwambie bosi wangu amekataza."

"Mche, mwambie marahaba. Mwambie bosi wake siyo mkwe wangu."

Alikuwa anajua kabisa anachofanya, huyo mama. Mji mzima umefukuzwa, yeye peke yake amekaa, kwa sababu mlinzi ni mkwe wake.

Barnaba akaja mwenyewe. "Mama, hii njia ni ya watembea kwa miguu."

"Kwani mimi nimekuja na ndege?"

"Mama, tunaomba ushirikiano."

"Nasikia mna mlinzi hapa. Aje anitoe."

Barnaba akamvuta Alphonce pembeni. "Jumamosi ni uzinduzi. Mkurugenzi anatoka Dar, anakuja na watu na kamera. Nikikuta punje moja hapo, unavua hiyo reflekta."

"Bosi, yule ni mama mkwe."

"Ndiyo vizuri, mnajuana. Ongea naye."

Alphonce hakujua hata aanzie wapi kumwelewesha mtu wa namna hiyo. Akamtafuta Eveline, akamkuta anampelekea mama yake uji.

"Eveline, niokoe. Mwambie mama aanue Jumamosi tu, Jumapili arudi."

Eveline akacheka. "Bibi za watu unawapigia filimbi, mama yangu unamkimbia?"

"Nikimtoa sikuoi. Nisipomtoa, kazi hakuna, sikuoi vile vile. Unacheka nini?"

Hapo Eveline akaacha kucheka. Akaenda, akaongea, akarudi na jibu. "Amesema mpunga haujui Jumamosi."

Jumamosi jua likawaka vibaya. Kutoka upande wa soko ikasikika ngoma ya brasbendi, na nyuma yake msafara, watu wote fulana za kijani, TEMBEA UJIPENDE kifuani. Mbele kabisa alitembea mkurugenzi, dada mmoja mrefu anaitwa Aikande, na miwani ya jua. Baiskeli zikasimama pande zote. Watu waliuliza nani amekufa.

Barnaba akaja mbio, jasho linamtoka. Mpunga uko pale pale, na mama juu ya benchi lake.

"Utautoa au hutoi?"

Alphonce akautazama msafara. Akatazama mpunga, maana mwenye mpunga hatazamwi. Kazi imekwisha, aliona wazi. Ila kumfokea mama wa Eveline mbele ya mji mzima, hapana, hiyo asingeweza. Akavua reflekta, akamkabidhi Barnaba na filimbi yake.

"Mpe mwingine."

Barnaba hakuchelewa hata kidogo. Shemeji yake, Hermenegildi, alikuwa amesimama pale pale, akavalishwa.

Alphonce akabaki na fulana yake iliyotoboka, hana la kufanya, na mikono ya mtu aliyezoea kazi haijui kutulia. Akaona mpunga umekaa muda mrefu upande mmoja. Akavua kandambili, akaingia, akaanza kuugeuza kama unavyogeuzwa siku zote: miguu mitupu, unaburuta polepole, nyayo zinachora mistari, wa chini unapanda juu. Mkwe kumfanyia kazi mama mkwe hakuna aliyekataza. Mama Kandida akauangalia mche wake.

Msafara ukafika, ngoma ikakatika.

"Huyu anafanya nini?" akauliza Aikande.

Alphonce akajibu huku anaburuta, "Nageuza mpunga, dada. Ukikauka upande mmoja, mashineni unakatika."

"Kwa kutembea?"

"Kwa kutembea."

Aikande akacheka, akavua raba zake, akaingia. Kilichofuata ni fulana zote za kijani zinavua viatu. Walitembea kwa mstari, wanaburuta, wengine wanapiga kelele kwa joto la pevingi, kamera zinawafuata. Barnaba akaingia na viatu vyake vya kung'aa.

"Viatu!" Mama Kandida akamkemea, mche hakuuhusisha. "Unanitilia mchanga!"

Akavua. Kisha Aikande akashika kipaza sauti, akasema hajawahi kuona jamii iliyoumiliki mradi namna hii, akauliza wazo lilikuwa la nani. Barnaba, soksi mkononi, akasema lilitoka kwenye timu yake baada ya tafiti. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyemtaja Alphonce, na reflekta ilibaki kwa Hermenegildi.

Alphonce akatoka pembeni, akamwita Eveline. "Mwambie mama mimi sina kazi tena. Asije akasema nimemficha."

Eveline hakulazimika kwenda. Mama Kandida alishasikia, akajibu kwa sauti kumzidi mkurugenzi na kipaza sauti chake.

"Eveline! Mwambie kufukuza wenzako juani haikuwa kazi, nilikubali tu kwa sababu ya ile sare. Mwambie nina ekari zangu na mgongo sina. Ndoa ni mwezi wa nane, akachukue tarehe kwa padri." Akaukagua mpunga. "Na mwambie kule mwisho, wale wageni wake wamepindisha mistari. Arudie."

"Umesikia?" akauliza Eveline.

"Nimesikia," akasema Alphonce, akaanza kurudia mistari upya.