Hodhi la Tatu

Bibi alikuwa amekata shauri, na Bibi akishakata shauri hata mvua husubiri. Jumatatu wangeanza kuvunja majengo ya kisiwa cha tatu pale ghubani ili wajenge hoteli. Leo Jumamosi. Basi leo angeshuka pale kisiwani, aguse hodhi alilokuwa akifulia mama yake, arudi nyumbani roho imetulia.

"Na wewe mke mwenzangu unakuja," alimwambia mjukuu wake. "Mdomo wako hauna kazi, angalau miguu ikafanye."

Mjukuu, msichana wa kidato cha pili ambaye darasani hata akiulizwa jina lake huangalia dawati, akaenda.

Boti ilikuwa na turubai la bluu na abiria tisa. Nahodha walimwita Breki, kitu ambacho boti haina. Mwongoza wageni alikuwa kijana mwenye kipaza sauti cha mkononi, anaongea kama anauza sabuni. Ghuba ilikuwa imetulia, kijani kama chupa, vilima vimeikumbatia pande zote. Kisiwa cha kwanza, ngome na mizinga yake. Watu wakapiga picha. Cha pili, mnara wa taa; wakapiga tena. Bibi hakugeuza hata shingo.

"Na hiki," kijana akatangaza, "ni kisiwa cha karantini! Meli ikiwa na mgonjwa, abiria wote walikaa hapa siku arobaini. Yale mahodhi matano pale juu, maofisa walikuwa wakioga huku wanatazama bahari."

"Wakioga?" Bibi akadakia. "Hodhi linaishia magotini, walikuwa bata?"

Abiria wakaangua kicheko.

"Bibi yangu, ndivyo tulivyofundishwa."

"Aliyekufundisha alikuwepo?"

"Hapana."

"Mimi nilikuwepo. Zilifuliwa shuka za wagonjwa pale. Mama yangu alikuwa dobi, hodhi la tatu lilikuwa lake. Nahodha, nishushe."

Breki akaonyesha gati kwa kidevu. Zilikuwa zimebaki nguzo nne tu, kila moja imeinama kivyake. "Hapashukiki, bibi. Tunazunguka kwa mbali, tunarudi."

"Nani kakutajia gati? Nyuma kuna ngazi zimechongwa kwenye mwamba. Shuka zilipita huko, wakubwa hawakutaka kuziona."

"Miaka ishirini napita hapa. Sijaona ngazi."

"Unapita maji yakiwa yamejaa; saa hizi yamekupwa. Unadhani boti ya asubuhi niliikataa kwa nini?"

Breki hakuuzungusha usukani. Mjukuu akamwangalia Bibi, akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: mdomo wa chini unamtetemeka. Hapo msichana akajikaza kisabuni.

"Tuzunguke nyuma," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ila boti nzima ilisikia. "Nitashuka mimi kwanza. Zisipokuwepo, turudi."

"Mpeleke bwana, dakika mbili tu!" akasema mama mmoja mwenye kofia pana.

Wakazunguka. Mwamba ulikuwa mweusi, umefunikwa na mwani kuanzia juu mpaka majini. Ngazi hakuna.

"Umeona, bibi?"

"Sogea."

Breki akasogea, injini ikinong'ona. Msichana akavua viatu, akaruka. Akateleza, goti likachubuka, machozi yakamlenga. Hakurudi. Akapapasa chini ya mwani kwa vidole vya miguu mpaka akakuta ukingo ulionyooka kama wa meza. Juu yake, mwingine, na mwingine.

"Zipo!" akapiga kelele ambayo hata mwenyewe ilimshtua. "Zipo saba!"

"Kumi na moja," Bibi akamjibu. "Nne zimo majini."

Breki akafunga boti, akainama, akampa Bibi mgongo.

"Nibebe kwa adabu, mimi si gunia."

Kule juu, hodhi la tatu lilikuwa limejaa majani yaliyooza. Bibi akapiga magoti, akasugua mdomo wa hodhi kwa kitambaa chake. Kila dobi alikuwa na alama yake. Ya mama yake ilikuwa mistari miwili na duara. Akasugua upande huu, hakuna. Akasugua ule, hakuna. Kitambaa kikachanika, akaendelea kwa kiganja.

Mjukuu akaingia hodhini mzimamzima, tope likamfika kwenye mashavu ya miguu. Akachimba kwa kucha upande wa ndani wa ukingo, pale ambapo dobi aliyepiga magoti angeegemeza tumbo. Mstari. Mstari. Kisha kitu cha mviringo.

"Bibi. Leta mkono."

Akauongoza mkono ule mpaka mahali penyewe. Bibi akaifuata ile mistari kwa kidole, kisha akalizungusha duara.

"Duara lake baya," akasema mwishowe. "Nilimwambia siku ileile anachonga."

Kijana wa kipaza sauti alikuwa amewafuata, amesimama nyuma yao. "Huyo dobi aliitwa nani?"

Bibi akamtajia. Kijana akalirudia jina hilo polepole, mara mbili.

"Kesho ukileta wageni, hadithi ya bafu iache."

"Kesho ndiyo safari ya mwisho huku, bibi."

"Basi utasema mara moja tu. Lakini useme sawasawa." Akajifuta tope, akakaa kwenye ukingo wa hodhi la mama yake. "Haya, anza. Nikusikie."