Wasifu Mmoja, Majina Mawili

Mhadhiri wa wadudu waharibifu wa nafaka aliingia maktaba ya chuo saa sita mchana, kajifunga kibwebwe. Mwaka jana kamati ya vyeo ilimnyima uhadhiri mwandamizi kwa barua ya mistari miwili: machapisho yake hayafiki kumi na tano, tena anamtegemea mno mtafiti mmoja. Lakini yeye hakuwa mtu wa kubwaga manyanga. Safari hii kila mwombaji alitakiwa awe na wasifu mtandaoni, unaoonyesha machapisho yake na mara ngapi yamenukuliwa. Mwisho wa kuutuma ulikuwa saa nane.

"Nimekuja unifungulie, wifi," alimwambia mkutubi, dada wa mumewe, ambaye kwa kompyuta alikuwa hashikiki.

"Keti. Leo tunawanyamazisha."

Wifi akaingiza jina, idara na barua pepe ya chuo. Yakaja machapisho tisa, yote ya baada ya ndoa.

"Tisa tu? Na majigambo yote yale ya nyumbani?"

"Acha maneno. Ongeza jina la baba yangu."

Yakaja mengine kumi na moja. Makala moja ya fukusi wa mahindi ilikuwa imenukuliwa mara mia mbili. Mara sita kati ya hizo alikuwa ameinukuu mwenyewe kwa jina la ndoa, na mahali pamoja aliandika kwamba mtafiti huyo alikosea kupima unyevu. Wifi alicheka mpaka msomaji wa meza ya pili akageuka.

"Kumbe mtafiti mmoja ndiye wewe! Na umemsema vibaya!"

"Si alikosea kweli? Alikuwa na miaka ishirini na sita."

Kikabaki kisanduku cha jina la kukaa juu ya wasifu. Wifi alishaanza kuandika la ukoo wake, vidole vikienda vyenyewe.

"Hapana, wifi. Juu weka la baba, hilo lenu lifuate."

Vidole vikasimama. "Kaka atasema nini?"

"Kaka yako niachie mimi. Alipokuja kuposa, aliyemposa ni huyo wa makala kumi na moja." Hakuwa na kinyongo na ukoo wa watu. Kilichomuuma ni miaka yake mwenyewe kuhesabiwa kuwa ya mtu mwingine.

Wakatuma saa saba na nusu. Katibu wa kamati hakukawia kujibu: machapisho ishirini, kiwango umekivuka. Mhadhiri akapiga meza kwa furaha, akageuka kumkumbatia wifi yake.

Wifi hakuinuka. Alikuwa amefungua ukurasa mwingine, anaandika jina lake mwenyewe la usichana.

"Na mimi niliandika moja," alisema taratibu, "kabla sijaolewa. Jinsi ya kuhifadhi magazeti ya zamani yasioze. Sijawahi kuiulizia."

Akabonyeza, akasubiri, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Wameinukuu watu kumi na wanne," alisema.