Mkono Uliorudi Mtupu

Hadithi hii aliisimulia kwanza shangazi mwenyewe, mchana aliostaafu, maua ya kuagwa yakiwa bado mapajani, na aliianzia kwenye viatu: ...ishirini na nne, haiwezekani, hebu tena kuanzia kushoto, vijumba vya rafu ni ishirini na vitatu, vyote vimejaa, na sakafuni jozi moja ya kahawia imekosa pa kukaa, mkono wake mmoja umeshika komeo la mlango, nje wazazi wanagonga, saa sita imeshapita, na yeye ni msaidizi tu katika kituo cha watoto wadogo, wiki yake ya mwisho ya majaribio, miezi mitatu tangu aweke ufagio chini, akikosea leo kesho anaurudia ufagio, kama nao watampa... lakini vichwa haviaminiki, vinajificha chini ya meza, unavihesabu mara mbili, viatu vikishavuliwa vinatulia, hilo alilijua tangu akifagia... "Dada, fungua basi, wazazi wanaungua jua," Mwalimu Mkuu huyo, na yeye, bila kugeuka, "Hesabu haijakaa sawa, Mwalimu," "Imepungua?" "Imezidi. Mmoja," na kutoka dirisha la jikoni kicheko cha mpishi, "Kumbe tumejifungua njiani! Hongereni jamani!" Mwalimu Mkuu naye akacheka, "Akizidi si hasara, dada, kuna mzazi kaleta jozi ya akiba, wewe kila kitu unakikuza," na labda ni kweli, labda anakikuza, aproni za njano zinamzunguka kama vifaranga, nani atazihesabu zikikimbia hivi, mama naye alikuwa anakuza, hapakui chakula mpaka aguse visogo vyote saba, kaka ananung'unika kinapoa mama, na mama anagusa tu, mmoja, wawili... "Nimewapanga mwenyewe kutoka uwanjani walikocheza asubuhi," Mwalimu Mkuu anasema, na sauti ina fahari, "wawili wawili, safu imenyooka, hakuna hata mmoja aliyebaki peke yake," hakuna aliyebaki peke yake, hakuna... subiri, ishirini na watatu hawagawanyiki, kila siku wanakuwa jozi kumi na moja na mmoja anabaki, yule wanayemwita Kidole kwa sababu humshika yeye kidole kimoja njia nzima na hakiachii hata akipiga chafya, na leo Kidole alikuwa na mwenzake, leo mkono wake yeye ulirudi mtupu, aliupunga, alijifutia nao jasho, hata akaufurahia, Mungu wangu, aliufurahia, na pale uwanjani walikuwepo watoto wa kituo kingine, nao na aproni zao za njano... basi si jozi ya akiba, ni mtoto, na akivuta komeo hili watamiminika wote kati ya magauni na suruali, ishirini na watatu watadakwa na watu wao, na mmoja atakwenda mbele akitafuta uso ambao haupo, mpaka barabarani, na pale ukutani ipo karatasi ya majukumu, Mwalimu Mkuu kusimamia, mpishi kupika, na mstari wa chini kabisa, msaidizi kuhesabu watoto wanapoingia na wanapotoka, mstari aliouona siku zote kama makombo ya kazi za wengine, makombo gani, mlango mzima umening'inia hapo... "Dada, nasema fungua!" "Sifungui, Mwalimu. Kusimamia ni kwako, kuhesabu ni kwangu," sauti hiyo imetoka wapi, mpishi kachungulia na mwiko wake, na kule mwisho wa rafu binti mmoja, mkono mmoja kamshika Kidole, anavitazama viatu vya kahawia kama mtu anayewatazama ndugu zake, "Vyako hivyo, mama?" kichwa kikakubali, "Na mwalimu wako ni nani?" akamtazama Mwalimu Mkuu juu mpaka chini, akasema, "Siyo huyu," na wazazi bado wanagonga, komeo bado liko pale pale, ila ule mkono mwingine, mtupu tangu uwanjani, binti anaushika, wote, si kidole, na yeye anasimama amenyooka mlangoni, ishirini na nne, sawasawa, ishirini na nne na alikuwa sahihi.

Mwalimu Mkuu ameshatangulia, na mpishi pia. Kidole yu hai, ughaibuni. Shangazi yu hai. Na mwenye viatu vya kahawia yu hai. Yale maua ni yeye aliyeyaleta.