Taa Kifuani mwa Romanus

Jumamosi asubuhi, kwenye yadi yake ya magari Ngaramtoni, Romanus alimshikia fundi Elieza tochi wakati anafungua dashibodi ya gari dogo jeupe, kuukuu, lililotoka Japani. Zilikuwa enzi za magari ya mitumba, na mtu mwenye jina zuri hakukosa wateja. Taa ya ABS, ile ya breki za kuzuia magurudumu yasiserereke, ilikuwa imekataa kuzimika. Elieza alibadili fyuzi, akasafisha sensa za magurudumu, akafuata waya mpaka mwisho, akakuta pete ya meno kwenye gurudumu la nyuma imepasuka.

"Hii inaidanganya kompyuta," alisema. "Ukikanyaga breki kwenye utelezi, pedali inatetemeka na gari linaendelea kwenda. Spea yake hapa mjini hakuna, Mangi."

"Mama Tabea anabarikiwa gari kesho," alisema Romanus. "Toa balbu."

Elieza akaitoa. Dashibodi ikawa safi kama ya gari jipya.

Jumapili, baada ya ibada huko Nkoaranga, mchungaji aliweka mkono juu ya boneti mbele ya usharika wote, akaliombea gari lote, injini, magurudumu na breki. Tabea alikuwa mkunga. Alilinunua gari hilo ili awateremshe mjini wajawazito ambao uchungu wao umekuwa mgumu. Romanus, Mkatoliki wa Rombo aliyehudhuria kwa heshima ya mteja, aliitikia amina pamoja na wengine.

Hapo ndipo taa ilipowaka kifuani mwake, upande wa kushoto, rangi ya chungwa, herufi zote tatu zikisomeka juu ya shati. Mzee wa kanisa aliyesimama jirani alimwambia taa yake inawaka. Romanus akamshukuru.

Mkewe, Agnela, mama yake Aika, alimshonea fulana ya kitambaa kizito, maana mwanga ulimnyima usingizi. Haukuzibika. Jumatatu Elieza alimlaza kwenye benchi la karakana akamkagua kwa utaratibu uleule, ubavu baada ya ubavu.

"Kwako hakuna kosa," alisema. "Hii inasoma gari la yule mama. Nenda kamwambie, itazimika."

Romanus alijua hivyo hata kabla ya kulala kwenye benchi. Aliona haya, haya ya kweli, ya kumfanya mtu asukume sahani pembeni. Lakini waumini kadhaa walikuwa wameshamfuata kununua magari kwa sifa alizozieneza Tabea, na jina nalo likimwagika halizoleki. Akangoja wiki ipite, na nyingine, mpaka masika yakaanza.

Siku alipopanda Nkoaranga, mvua ilikuwa inanyesha. Alimkuta Tabea akimlaza kiti cha nyuma Vaileth, jirani yake, aliyeshikwa na uchungu tangu asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Aika. Mungu amekuleta. Panda mbele unishikie mkoba."

"Mama, nimekuja kwa habari ya gari..."

"Utaniambia njiani."

Njiani hakusema. Kwenye kona iliyo juu ya korongo Tabea alikanyaga breki. Pedali ikatetemeka, gari likaendelea kwenda, migomba ikasogea karibu, kisha likasimama tairi moja likiwa ukingoni. Vaileth aliugulia, akaomba wasikawie. Taa ya Romanus ilijaa kwenye kioo chote cha mbele.

Tabea alirudisha gari barabarani, akasimama. Akamgeukia Romanus.

"Wewe ndiye unayelijua gari hili," alisema. "Breki ni mbovu? Kama ni mbovu sema, niwaite vijana wambebe kwa machela. Tutachelewa, lakini tutafika."

Romanus alitazama mteremko. Akafikiria usharika, na mkono wa mchungaji juu ya boneti.

"Ni nzima, mama," alisema. "Ni utelezi tu."

Taa ikazidi kung'aa. Tabea akamwomba afunge koti, kwa kuwa mwanga ulimzuia kuona njia. Romanus akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, na Tabea, akiwa ametulia sasa, akaingiza gia wakaanza kuteremka.