Picha ya Nyonga

Fundi cherehani na mdogo wake, mwalimu mstaafu, walibadilishwa nyonga mwaka mmoja, na daktari mmoja. Baada ya hapo njia zikaachana. Mwalimu, kwa kuwa ana bima, aliitwa kila mwaka kupigwa picha. Fundi aliitwa mara moja tu, akaambiwa, "Mama, unatembea vizuri. Ukisikia maumivu, njoo siku yoyote. Kama huna, kaa nyumbani."

Maneno hayo hayakumshuka kooni. Kila mdogo wake alipopita kumuaga, kajipamba kama anaenda harusini, fundi alikanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika. Yaani yeye wa kuangaliwa, mimi wa kutupwa!

Mwaka wa sita uvumilivu ukamwishia. Akajitolea kumsindikiza, na mwalimu alipomaliza kuonwa, yeye akajitoma ndani akichechemea.

"Daktari, nyonga inaniua."

"Pole, mama. Ipi?"

Akashika ya kulia.

Daktari akapekua faili, akakuna kichwa. "Mbona tulibadilisha ya kushoto?"

Mwalimu, aliyekuwa bado mlangoni, akaangua kicheko. Fundi, machozi yakimlengalenga, akafoka, "Basi piga picha hiyo ya kushoto! Huyu ana nini ambacho mimi sina?"

"Ana bima, basi," daktari akasema, akimvutia kiti. "Tuliwafuatilia wagonjwa wetu wasio na maumivu, mama. Picha chungu nzima, safari chungu nzima, na tulichogundua ni kidogo mno. Tukaona heri gharama hiyo iwatibu wanaosubiri hapo nje."

Hapo nje, seremala mmoja aliegemea magongo yake. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili akingoja nyonga. Fundi alipompita aliinamisha macho.

Njiani mwalimu, bahasha ya picha yake mkononi, hakucheka tena. "Dada, barua yao ikija silali wiki nzima. Nawaza, safari hii watanipasua upya. Nakuonea wivu wewe uliyetulia kwako."

"Mimi? Unanionea wivu mimi?"

"Wewe."

"Hebu sema tena."

Mwalimu akasema tena. Fundi akapiga hatua kadhaa, uso umemchangamka, halafu akasimama na kunyoosha mkono. "Lete hiyo picha."

Akaitoa kwenye bahasha, akaiinua juani, akaitazama weee.

"Mbona chuma chako kinang'aa hivi?"

"Chako ni hicho hicho, dada."

"Nitajuaje?"