Mgongo kwa Mgongo Hadi Maporomokoni

Mutahi alitangulia mbali kidogo, na kila aliposema neno alilisema akitazama miti. Nyuma yake alikuja Wakiuru, mama mkwe wake, ameshikwa mkono na mjukuu wake Ngendo. Upande huo wa Nyeri, kama kule Kianyaga alikotoka mama huyo, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawagusani. Heshima yao ni kupeana nafasi.

Wacera, mke wa Mutahi, alikuwa amezikwa mwaka uliopita. Alikufa akikimbizwa hospitali, ndani ya pikapu iliyokwama kwenye matope, katika barabara ambayo wakubwa wameizindua kwa ngoma na keki lakini jembe hawajaigusisha. Siku ya mazishi mama yake aliyatazama yale matope, akauliza mbele ya watu wote binti yake aliletwa huku kula nini. Neno hilo lilimkaa Mutahi kama mwiba. Sasa mama amekubali kurudi, ayaone maporomoko ambayo Wacera alikuwa akiyasifu kwenye simu kila alipopiga. Mutahi hakutaka kitu kingine. Ayaone tu, ajue kwamba mtoto wake hakuishi mahali pabaya.

Na asubuhi yenyewe ilikuwa njema. Ukungu ulikuwa umelala chini mabondeni, juu ya mashamba ya majani chai. Huku juu msitu wa Nyandarua ulidondosha umande, miti mikubwa imening'iniza ndevu za kijivu, mbega wakiruka matawini na mikia yao myeupe kama wanaokimbilia arusi. Penye mianzi mwanga uliingia wa kijani, mpaka uso wa mtu ukageuka rangi.

"Nani anafagia hii msitu?" Wakiuru akauliza.

"Hakuna mtu anafagia, shosho," Ngendo akasema.

"Ndio maana iko safi. Wangeandika mtu wa ofisi, ingejaa takataka."

Mutahi alicheka peke yake huko mbele. Kumbe mama huyu naye hana habari na wakubwa!

Walipofika mtoni kicheko kikamwisha. Daraja lilikuwa magogo mawili ya mkaratusi, na mvua ilikuwa imeyabeba yote mawili. Kilichobaki ni ubao mkubwa wa rangi, umeanguka nyasini, una picha ya mheshimiwa mmoja akitabasamu na maneno ya kukaribisha wageni. Ubao waliuleta, daraja la kweli likabaki ahadi. Maji yalifika magotini, baridi ya kukata, na mawe yake yaliteleza kama sabuni. Nyuma ya kona tu maporomoko yalikuwa yananguruma.

Magoti ya Wakiuru hayangeweza. Ngendo alichuchumaa, akamwinua shosho yake, wote wawili wakaketi kwenye tope.

"Wewe ni ufito," Wakiuru akasema, akijipangusa. "Ungenizamisha."

"Si Daddy akubebe? Ni hapa tu!"

Mutahi alitazama mti mmoja, Wakiuru akatazama mwingine.

"Mtoto huyu alifunzwa adabu wapi?" Wakiuru akauuliza mti wake. Kisha akashusha pumzi. "Turudi. Nimesikia sauti yake, inatosha."

Haikutosha. Sauti ya maji alikuwa ameshaisikia kwa simu ya Wacera.

Ndipo Mama Kim, jirani yao, akatokea ng'ambo na mzigo wa kuni, ameinama, mkanda wa ngozi umembana kipaji cha uso. Akavuka polepole, akautua. Mutahi akautazama ule mzigo. Mzigo wa kuni hutazama kule utokako. Haumwoni anayeubeba, naye haioni sura yake.

"Mama Kim, niazime hiyo mukwa," akasema, akiuonyesha ule mkanda.

"Mukwa? Wewe mwanaume?" Mama Kim akashika kiuno. "Ati leo unaenda kuni! Ngoja niwaambie watu wa kanisa."

"Waambie. Leta tu."

Mutahi akauburuta ule ubao, akavunja kipande kwa mguu, akatandika juu yake blanketi walilobeba la kuketia. "Mama," akaiambia miti, "utakaa hapa, mgongo wako kwa wangu, blanketi katikati. Hatutaonana."

Wakiuru alifikiri. "Na huyu mheshimiwa anayenichekea?"

"Utamkalia, mama."

"Hapo sawa."

Wakamfunga, Ngendo na Mama Kim wakishika huku na huku. Mkanda ulimkata Mutahi kipaji, shingo ikalia. Wacera alikuwa amebeba kuni hivi miaka yote, na Mutahi akidhani ni kichwa tu kinamuuma mkewe! Katikati ya maji Wakiuru akapiga kelele.

"Simama!"

"Unaanguka?"

"Mlima! Uko wazi wote!"

Mutahi aliinama akitazama vidole vyake vikigeuka buluu. Nyuma yake mama mkwe aliusalimu Kirinyaga kwa jina, akausifu theluji yake na meno yake meusi, akashangaa kwamba kumbe una uso mwingine ambao watu wa Kianyaga hawajawahi kuonyeshwa. Mutahi hakumharakisha.

Walipopita kona, Mutahi akageuka ili mama aone. Manyunyu yalimlowesha shingo.

"Ni marefu," Wakiuru akasema. "Na upinde wa mvua uko hapa chini, mtu anaweza kuukanyaga." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu arusi, akamwita moja kwa moja: "Baba Ngendo."

"Naam, mama."

"Alikuwa anakaa wapi?"

"Kwa ile jiwe nyeusi, Jumapili tukitoka kanisa. Miguu ndani ya maji."

"Nipeleke. Lakini usinigeuze, bado natazama."

Basi Mutahi akaanza kwenda kinyumenyume, unyayo mmoja mmoja, akiyapapasa mawe.

"Kushoto," Wakiuru akamwelekeza. "Hapo kuna shimo. Pole pole, mtoto wangu. Njoo tu, njoo."