Mkono wa Kupimwa

Severina alikuwa na ujanja wake, na mwaka mzima haukumwangusha. Kila alipotoka Kilolo kwenda kliniki Mbeya, alibeba chupa ya chai yenye maji ya moto na kichupa cha mafuta ya parachichi. Akifika, anajifungia chooni, anachovya mikono, anaikanda weee, mpaka ngozi iliyokakamazwa na ugonjwa wa skleroderma inalegea kidogo. Daktari akiifinya, anaandika: nafuu.

Neno hilo ndilo lililombakisha nyumbani kwake Kilolo. Maana Happy, binti yake wa pekee, alishatamka mbele ya ukoo mzima kwamba siku ugonjwa ukipanda, mama anahamia kwake Iyunga. Na Severina aliijua nyumba ya Iyunga. Mkwe mlokole, pombe ya ulanzi marufuku hata kuitaja, na milulu yake ya kusukia vikapu ingeitwa takataka.

Safari hii daktari hakufinya. Alimpeleka chumba cha altrasaundi, Happy akifuata nyuma.

"Mashine inapima unene wa ngozi, mama," alieleza Aroni, mpimaji, akizima taa ili kioo kionekane vizuri. "Halafu tunalinganisha na picha tulizopiga ulipoanza dawa."

Kumbe walizitunza.

"Na mtu akiwa amepaka mafuta?"

"Mafuta yanabaki juu. Hii inaona chini."

Aroni alikuwa ameshageukia kioo, kifaa mkononi, akasema, "Haya, niletee mkono wa kulia." Severina akarudisha wake kifuani taratibu, akamtazama binti yake kwa macho ya kuombea msamaha dhambi ambayo bado hajaitenda. Hata hakuhitaji kumkonyeza. Happy alishaingiza mkono wake mwenyewe chini ya kifaa.

Mtoto kamzaa, huyo! Severina nusura apige vigelegele.

"Safi sana," Aroni alisema, macho kwenye kioo. "Ngozi imekuwa nyembamba, kama ya mtu asiyeumwa. Daktari anaweza kupunguza dawa. Kwa hali hii unaweza kuendelea kujitegemea nyumbani kwako, mama."

Happy akashusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetua gunia la viazi.

Pumzi hiyo Severina aliifahamu. Ndiyo aliyoishusha yeye mwenyewe kila alipotoka kliniki. Kwa hiyo wakati yeye anaikimbia Iyunga, Iyunga nayo ilikuwa inamkimbia! Yeye kukataa kwenda, sawa. Lakini kukataliwa? Iliuma, tena iliuma kuliko vidole.

"Mwanangu," alimwambia Aroni kwa upole wa kanisani, "washa taa. Huo mkono si wangu."

Taa ilipowaka, Happy alikuwa ameduwaa, jeli ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Aroni aliwatazama wote wawili, akafuta picha, akaanza upya kwa mkono wa Severina. Safari hii alikawia kwenye kila kidole.

"Ngozi imeongezeka unene," alisema hatimaye. "Afadhali tumejua. Dawa ingepunguzwa, ungeumia."

Severina aliogopa, na hakuficha. Happy alianza kulia.

"Mama, mimi nilijua hupendi kwetu, ndiyo maana..."

"Najua kwa nini." Akamfuta jeli kwa ncha ya kitenge. "Kile chumba kinachopata jua la asubuhi, si ndicho mnacholala ninyi?"

"Ndicho, mama."

"Basi mtanipisha," alisema Severina, akamnyooshea Aroni mkono wa kushoto.